Uzi maalumu: Kupiga pasi kila kitambaa kwa kadiri yake, unyevu kwanza na moto baadaye

Mwanzisha uzi, Arusha

Wanajukwaa wenzangu, habari za wakati huu. Baridi ya Juni na Julai imeshatanda hapa Arusha, mawingu yanaufunika Mlima Meru tangu asubuhi, nguo zinalala kambani na kuamka mbichi, na katika nyumba nyingi pasi imegeuzwa kuwa chombo cha kukaushia sare za watoto alfajiri kabla gari la shule halijapita. Katika haraka hiyo ndipo sketi inaponata kwenye pasi, shati jeupe likatoka na alama ya rangi ya chai, na sweta likalegea mikono kiasi cha kutovalika tena. Nimeona niandike kwa urefu kidogo, kwa sababu nguo ni gharama, na kila mzazi aliyewahi kununua sare mwezi Januari anaelewa ninachokisema.

Jambo ninaloomba lishikwe kabla ya mengine yote ni kwamba makunyanzi hayaondolewi na moto mkali. Yanaondolewa na unyevu, joto la kiasi na uzito, vikifanya kazi kwa pamoja. Pamba imeundwa kwa selulosi, na ndani yake mna vifungo vidogo sana vya haidrojeni ambavyo maji huvilegeza. Nguo iliyoloa ikikauka huku imejikunja, vifungo hivyo hujifunga upya vikiwa vimeushika ule mkunjo. Ukiirudishia unyevu vinalegea tena, uzito wa pasi unakinyoosha kitambaa, na joto linayafukuza maji wakati kitambaa kimeshanyooka, hivyo kinabaki katika hali hiyo. Ndiyo maana shati la pamba lililokauka kabisa hukaidi hata pasi ikipashwa kupindukia, ilhali lenye unyevunyevu hutii kwa kupitishiwa pasi mara moja au mbili. Mtu anayeongeza moto pale alipopaswa kuongeza maji anaichosha nguo, anajichosha mwenyewe, na anakula umeme bure.

Poliesta ina tabia tofauti kabisa, kwa kuwa haitokani na mmea wala mnyama. Ni aina ya plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Huanza kulegea katika joto la takriban nyuzijoto 70 hadi 80 za sentigredi, na huyeyuka inapofika kati ya 250 na 260. Kabla ya kuyeyuka huwa imeshaharibika kwa namna nyingine, kwani nyuzi zake hubonyea na kitambaa hupata ule mng'ao usiopendeza unaoonekana kwenye makalio ya suruali nyeusi na magotini. Mng'ao huo mara nyingi hautoki tena kwa kufua. Kwa hiyo, poliesta haihitaji moto mwingi hata kidogo. Inahitaji pasi ya wastani, kitambaa cha kati, yaani cha kuwekwa baina ya pasi na nguo, na subira ya kuiacha ipoe kabla ya kuikunja.

Kwenye lebo ya ndani ya nguo huwa kuna mchoro wa pasi wenye nukta. Nukta moja ina maana ya uso wa pasi usiozidi nyuzijoto 110, nukta mbili 150, na nukta tatu 200. Nailoni, akriliki na asetati ziko kwenye nukta moja. Sufu, hariri na poliesta ziko kwenye nukta mbili, na pamba na kitani huweza kustahimili nukta tatu. Pasi iliyochorwa alama ya msalaba ina maana nguo hiyo isiguswe na pasi kabisa. Ikiwa kitambaa kimechanganywa, kwa mfano mashati mengi ya shule na ya kazini ambayo ni poliesta 65 na pamba 35 kwa kila mia, joto lifuate uzi ulio dhaifu zaidi, hata kama sehemu yake ni ndogo. Wengi husoma neno "pamba" kwenye lebo wakapandisha moto hadi mwisho, na uzi wa poliesta uliofichwa humo ndio unaowaadhibu.

Tatizo letu kubwa ni mitumba. Ukinunua gauni Kilombero hapa Arusha, au pale Memorial mjini Moshi, mara nyingi utakuta lebo imekatwa au imefutika. Katika hali hiyo, chomoa nyuzi mbili tatu kutoka ndani ya pindo, zishike kwa koleo ndogo juu ya sinki au sahani ya bati, mbali na nguo yenyewe, kisha ziguse kwa moto wa kiberiti. Pamba na kitani huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu na hariri hunuka kama nywele zinazoungua, na mabaki yake husagika ukiyafinya. Poliesta na nailoni hujikunyata, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu kisichosagika. Kitambaa cha mchanganyiko hutoa dalili za pande zote mbili, na ukiona kidonge kigumu, hata kidogo, ichukulie nguo hiyo kuwa ya poliesta. Hata baada ya kujua, anza kujaribu pasi kwenye pindo la ndani, kwa sababu swichi ya joto ya pasi nyingi za bei nafuu haiko sahihi kama alama zake zinavyodai.

Kuhusu mpangilio wa kazi, anza na nguo za moto mdogo kisha panda. Pasi hupata joto haraka lakini hupoa polepole, na mtu aliyemaliza shuka za pamba akarukia mtandio wa chifoni huku anaamini kwamba pasi imeshapoa kwa kuwa amezungusha swichi, ndiye anayeutoboa mtandio. Nguo za pamba zinyunyizie maji, zikunje kama mkeka, ziache kwa nusu saa hivi ili unyevu usambae sawasawa, na wakati huo maliza zile za nukta moja na mbili. Mwishoni chomoa pasi, na joto lililobaki litakutosha kwa leso na singlendi.

Kwa shati, napendelea kuanza na kola upande wa ndani kisha wa nje, nikitoka kwenye ncha kuelekea katikati ili mikunjo isikusanyike kwenye ncha. Hufuata mabega, mikono, vipande vya mbele, na mgongo huwa wa mwisho. Nguo nyeusi na za rangi nzito zipigwe pasi zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Nguo yenye nakshi au tarizi ilazwe kifudifudi juu ya taulo nene, ili tarizi izame kwenye taulo badala ya kukandamizwa. Fulana yenye maandishi au picha iliyobandikwa isiguswe na pasi juu ya picha hata kwa sekunde moja.

Sufu inastahili heshima ya pekee. Suti ya sufu haisuguliwi kwa pasi. Huwekewa kitambaa cha kati chenye unyevu, na kipande cha marekani kilichofuliwa mara nyingi kinafaa kuliko kanga, kwa kuwa rangi ya kanga ikiloa huweza kuhamia kwenye suti. Bonyeza, hesabu moja mbili tatu, inua, sogea. Ukiivuta pasi huku na huku, unaivuta sufu yenyewe ikiwa imelegea kwa joto na maji, na koti litapoteza umbo mabegani. Hariri nayo ipigwe pasi kutokea upande wa ndani ikiwa na unyevu ulioenea kote, wala usiinyunyizie matone, kwa kuwa matone huacha madoa yanayoonekana hata baada ya kukauka. Mahameli isikandamizwe kabisa. Itundike bafuni penye mvuke wa maji ya moto, na ile malaika yake itasimama yenyewe.

Shuka za Kimasai zinazouzwa madukani kwetu nyingi ni za akriliki, na watu huziona nzito wakadhani zinastahimili moto. Hazistahimili. Zikitandikwa vizuri zikiwa mbichi kidogo na kukunjwa kwa mkono, hazihitaji pasi.

Mwenye swali au nyongeza karibu.

Mchangiaji, Pasua, Moshi

Shukrani kwa somo hili, ndugu. Nina binti anayevaa sketi ya poliesta ya marinda, na kila wiki hunichukua muda mrefu kuyarudisha marinda mahali pake, kisha kufikia Jumatano yamefunguka yote. Je, nipandishe joto au nitie wanga?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, usipandishe joto, na wanga kwenye poliesta haushiki vizuri. Shida haiko kwenye kupasha, iko kwenye kupoza. Kama nilivyoeleza, poliesta hulegea kwa joto na kushika umbo inapopoa, kwa hiyo rinda lililopigwa pasi likainuliwa lingali la moto hupoa likiwa limefunguka, na hubaki hivyo. Panga marinda mezani ukiyashikiza kwa pini au vibanio kwenye pindo na kiunoni, weka kitambaa chenye unyevu juu yake, bonyeza kwa joto la nukta mbili bila kuvuta, kisha ondoa pasi na usiiguse sketi mpaka ipoe kabisa. Mafundi wengine huweka ubao mkavu juu ya rinda mara tu pasi inapoondoka, kwa kuwa ubao hunywa mvuke na kuliharakisha rinda kupoa likiwa bapa. Wakati wa kufua usiikamue kwa kuisokota. Itundike kwa kiuno ikichuruzika maji, na uzito wa maji utayavuta marinda yenyewe.

Mchangiaji, fundi cherehani, Arusha mjini

Naomba niongezee kwa upande wetu mafundi, kwa sababu lawama nyingi hutufikia sisi ilhali kosa limetendeka nyumbani. Kola za mashati ya kitenge, mikanda ya magauni na mbele za makoti huwekwa gamu stifu, kile kitambaa cha ndani cha kukazia, ambayo hushikamana na kitambaa kwa gundi inayoyeyuka kwa joto la pasi. Mteja akishafika nyumbani akaipiga pasi hiyo kola kwa moto wa mwisho huku anaivuta, gundi huyeyuka tena na kuachia, na kola huota malengelenge. Kola ya namna hiyo ibonyezwe kwa moto wa kiasi na iachwe ipoe ikiwa imelala.

Jambo la pili ni kitenge kipya. Kabla ya kukileta kwa fundi, kifue kwa maji, kianike, na ukipige pasi kikiwa na unyevu. Pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza, na vilevile wanga wa kiwandani hutoka, kwa hiyo fundi atakata kitambaa chenye kipimo chake halisi. Lakini kuweni macho, siku hizi sokoni vimejaa vitenge vya poliesta vyenye sura ileile ya pamba na bei inayovutia. Kitenge cha poliesta hutaabika sana kwenye moto wa pamba, na aliyekizoea kile cha zamani hukiunguza bila kujua sababu.

Mchangiaji, Machame

Huku kwetu milimani bado tunatumia pasi ya mkaa, ile yenye jogoo wa kufungia, na ninaomba isidharauliwe, kwa kuwa kwa kitani na pamba inafanya kazi nzuri kutokana na uzito wake. Utaratibu tulioachiwa na wazee ni kuuwasha mkaa nje mpaka uive, usitoe moshi wala cheche, ndipo uingizwe kwenye pasi. Pasi hiyo hupitishwa kwanza juu ya jani bichi la mgomba, ambalo huondoa masizi na kuufanya uso wa pasi uteleze, kisha hujaribiwa juu ya kitambaa kibichi kisicho na thamani. Nguo nyeupe hufunikwa kitambaa kingine, kwa sababu majivu hupenya kwenye matundu ya pembeni kila unapoitikisa pasi.

Mwanzisha uzi

Nashukuru sana, na nakubaliana nawe kuhusu uzito. Ila nasisitiza jambo moja kwa nguvu zangu zote. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na kutokuwepo kwa moshi si dalili ya usalama. Hewa hiyo huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, mtu akaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha akalala usingizi ambao huenda asiamke. Katika miezi hii ya baridi watu hufunga madirisha, na wengine huiacha pasi au jiko chumbani ili vipashe joto. Tafadhali sana, pasi ya mkaa itumike barazani au penye upepo, na ikimaliza kazi mkaa utolewe nje ya nyumba, hata kama unaonekana umekufa.

Kwa wanaotumia umeme, pasi ya kawaida ni ya wati 1,000 hadi 1,200, na ya mvuke hufika hata 2,400. Kwa umeme wetu wa volti 230, pasi ya wati 2,400 huvuta zaidi ya ampea 10, kiasi ambacho ekstensheni nyembamba ya mtaani haiwezi kukibeba bila kuchemka. Chomeka pasi moja kwa moja ukutani, kwenye soketi yenye waya wa arthi, na usisimame peku kwenye sakafu yenye maji. Umeme ukikatika, chomoa pasi papo hapo hata kama umebakiza kola peke yake, kwa sababu pasi iliyosahauliwa juu ya nguo huamka pamoja na umeme wakati hakuna mtu chumbani. Pia usipigie pasi juu ya godoro. Meza imara yenye blanketi la pamba au sufu na shuka juu yake inatosha. Blanketi la akriliki au poliesta litanata.

Upande wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, pasi ya wati 1,000 ikifanya kazi saa nzima haifikishi uniti moja kamili, kwa kuwa huwa inajizima na kujiwasha yenyewe, lakini kiasi hicho kinakaribia taa ya wati 10 kuwaka kwa saa 100. Kupiga pasi nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja kunaokoa umeme kuliko kuipasha pasi kila alfajiri kwa ajili ya shati moja. Na wale wanaokausha nguo kwa pasi wajue kwamba kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hula zaidi ya nusu ya uniti, hata kama hakuna joto linalopotea. Nguo isiyokauka izungushiwe taulo kavu, ikanyagwe au ikandamizwe, kisha itundikwe penye upepo ndani ya nyumba usiku kucha. Pasi ije kumalizia tu. Ukiilazimisha pasi kukausha suruali mbichi, mkanda na mifuko hubaki na unyevu ndani, na mtoto hushinda siku nzima na harufu ya uvundo.

Mchangiaji, mhudumu wa afya, Moshi

Nami nichangie mawili. Katika maeneo yenye joto kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa kivulini au juu ya nyasi, na mabuu yake huingia ngozini na kuota kama jipu. Joto la pasi huua mayai hayo, kwa hiyo nguo za ndani, nepi za kitambaa na shuka za watoto zipigwe pasi pande zote mbili, na zaidi kwenye mishono na penye lastiki, ambako mayai hujificha. Hili ndilo linalofanya pasi kuwa zaidi ya urembo.

La pili ni kuungua. Aliyeguswa na pasi awekwe mara moja chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali, mafuta, yai na unga havifai, kwa kuwa hutunza joto ndani ya ngozi au huleta vijidudu kwenye kidonda. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, funika kwa kitambaa safi, na ikiwa ni mtoto mdogo, au jeraha liko usoni, kiganjani au kwenye kiungo, mpeleke hospitali bila kusubiri kesho.

Mchangiaji, Usa River

Pasi yangu ya mvuke imeanza kutema vijiwe vyeupe kwenye nguo nyeusi, na uso wake una ukoko mweusi ulioganda. Nimeambiwa nichemshe maji kabla ya kuyatia. Je, itasaidia?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kuchemsha hakutoshi, na kwetu kunaweza hata kuongeza tatizo. Maji ya sehemu nyingi za miteremko ya Meru yana madini mengi yaliyoyeyuka, ikiwemo floraidi inayojulikana kwa kubadilisha rangi ya meno ya watu wetu. Maji yakigeuka mvuke, madini hayaondoki, hubaki ndani ya pasi na kuganda. Unapoyachemsha maji hayo unapunguza maji, lakini sehemu kubwa ya madini inabaki palepale. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi baada ya paa kuoshwa na mvua ya mwanzo, uyachuje kwa kitambaa, au ununue maji yaliyotoneshwa (distilled water). Kila ukimaliza kazi, mwaga maji yaliyobaki pasi ikiwa imechomolewa, wala usiyaache yalale ndani. Vijiwe vilivyokwisha ganda hupungua ukijaza maji safi, ukaipasha pasi, ukachomoa na kuitikisa juu ya beseni huku inatema, kisha ukarudia mpaka maji yatoke safi bila vijiwe. Siki nusu kwa nusu na maji hutumiwa na wengi, lakini soma kwanza maelekezo ya pasi yako, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huikataza.

Kwa ule ukoko mweusi, tazama umetokana na nini. Kama ni wanga ulioungua, iache pasi ipoe, kisha usugue kwa kitambaa chenye unga wa magadi ya kuumulia uliokorogwa na maji kidogo hadi ukawa mzito, ufute vizuri na usiruhusu uingie kwenye matundu ya mvuke. Kama ni nailoni au poliesta iliyoyeyuka, ipashe pasi kidogo tu hadi plastiki ilegee, ichomoe, kisha uisogeze juu ya kitambaa kikuukuu cha pamba kilichokunjwa mara nyingi ili plastiki ihamie humo. Usitumie kisu wala stilwaya, kwa kuwa mkwaruzo mmoja kwenye uso wa pasi utakwaruza kila hariri na kila satini utakayoipiga pasi baada ya hapo.